Kumbukumbu ya mradi: Smoltz kwa Alexander, na mahali pa kukata hesabu

Hatimaye hesabu ya Detroit imekubali, na jibu lililotoka limenifanya niweke kando orodha nzima niliyokuwa nimeipanga. Mnaofuatilia mradi huu mnajua lengo lake: kuchukua mabadilishano maarufu ya besiboli ambapo klabu ilitoa chipukizi ikapata mkongwe, kisha kuyapima yote kwa kanuni moja, si kwa hasira za mashabiki. Nilipanga kwenda mwaka kwa mwaka. Nilipofika 1987 nikakwama.

Kisa mnakijua, nakipitia haraka. Tarehe 12 Agosti 1987 Detroit Tigers walikuwa wakifukuzana na Toronto Blue Jays kwenye Kanda ya Mashariki ya American League (moja ya ligi mbili zinazounda ligi kuu, nyingine ni National League). Walihitaji mrushaji, yule anayemrushia mpigaji mpira. Wakamchukua Doyle Alexander, miaka 36, kutoka Atlanta Braves, na kutoa kijana wa miaka 20 anayeitwa John Smoltz. Smoltz alikuwa mtoto wa nyumbani: amezaliwa Warren, amekulia Lansing, yote hayo Michigan. Msimu huo alikuwa Glens Falls, ligi ndogo daraja la AA, ameshinda 4 na kupoteza 10 kwa ERA (wastani wa pointi anazoruhusu mrushaji kwa mchezo mzima, ndogo ndiyo nzuri) ya 5.68. Hakuna aliyelia siku ile.

Alexander akaanza michezo 11 akiwa na Detroit, akashinda 9, hakupoteza hata mmoja, ERA 1.53. Smoltz naye akaenda kushinda michezo 213, kuokoa 154 (yaani kumalizia mchezo akilinda uongozi wa timu), kuchukua Cy Young, tuzo ya mrushaji bora, ya 1996 na kuingia Ukumbi wa Mashujaa kule Cooperstown mwaka 2015. Ndiyo maana kila orodha ya klabu zilizoliwa inamtaja Smoltz ndani ya mistari mitano ya kwanza.

Sasa tatizo, na ndilo lililonitesa kuliko kitu chochote tangu nianze mradi huu: hesabu inakatwa wapi?

Njia ya kawaida ni kujumlisha WAR, kipimo cha ushindi ambao mchezaji anaiongezea timu kuliko mchezaji wa akiba. Smoltz ana zaidi ya 60 kwa maisha yake yote ya uchezaji. Alexander kwa Detroit ana kidogo tu, kwa sababu alicheza robo ya msimu wa 1987, akawa na 1988 nzuri ya 14 kwa 11 (alishinda 14, akapoteza 11), kisha 1989 akaanguka 6 kwa 18 na kustaafu. Toa moja kwa nyingine, unapata maafa. Mtu anafunga kompyuta yake na kwenda kulala akiamini amehukumu.

Lakini Detroit haikutoa zile 60. Tunasahau kwamba klabu ya besiboli haimiliki mchezaji milele. Ikishamleta ligi kuu, inakuwa naye miaka sita ya utumishi, halafu anakuwa huru kwenda anakotaka. Smoltz alirusha mchezo wake wa kwanza wa ligi kuu Julai 1988. Miaka sita yake inaishia 1994. Hadi mwisho wa 1994 alikuwa ameshinda 78 na kupoteza 75. Rudia kusoma hapo: 78 kwa 75. Ndani yake mna 1992 ambayo aliongoza National League nzima kwa kuwatoa wapigaji kwa straiki, 215, na kuwa mchezaji bora wa fainali ya ligi, kwa hiyo si mrushaji wa kubeza hata kidogo. Ila si yule wa kwenye sanamu. Ile 24 kwa 8 ya 1996 imekuja baada ya hapo, na michezo yote 154 aliyookoa imekuja baadaye zaidi, baada ya kufanyiwa upasuaji wa kiwiko na kukosa msimu wote wa 2000.

Na baada ya msimu wa 1996 alikuwa huru kabisa. Alichagua mwenyewe kusaini tena na Atlanta, kwa fedha za soko. Ushindi wa kuanzia 1997 Atlanta iliununua kwa pesa zake. Sioni kwa haki gani tuuweke kwenye deni la Detroit la 1987.

Basi nikakata 1994. Mara moja likaibuka lingine: miaka ya mbele inapimwaje dhidi ya wiki saba za leo? Wapo wanaopunguza thamani ya kila mwaka ujao kwa asilimia fulani, kama riba ya benki. Nilijaribu hivyo na nikakasirika kweli. Ukiweka asilimia ndogo, Detroit imeliwa. Ukiweka kubwa, Detroit imeshinda. Yaani jibu lote liko kwenye kisanduku kimoja nilichojaza mimi, na jedwali lililobaki ni mapambo. Kanuni ambayo mtu anaweza kuisukuma upande anaoutaka haistahili kuitwa kanuni. Nimeifuta.

Niseme kidogo kuhusu zana, maana zimechangia. Data za msingi natumia za Lahman, hazina ya takwimu za besiboli, nimeziingiza kwenye hifadhidata ya SQLite, na Excel nimeibakiza kwa kuangalia matokeo tu. Sababu ni moja: iningi, yaani awamu za mchezo, ambazo upande unaopiga huendelea hadi wapigaji wake watatu watolewe. Tovuti nyingi zinaandika iningi za Alexander kwa Detroit kama 88.1, maana yake 88 na theluthi moja. Excel inasoma hiyo .1 kama sehemu ya kumi, na kila wastani unaopiga juu yake unapinda bila kukuambia chochote. Lahman wanahifadhi idadi ya wapigaji waliotolewa, kwa hiyo Alexander ana 265, namba kamili, gawanya kwa tatu umemaliza. Pia wana safu inayotenganisha vipindi ndani ya msimu mmoja: kipindi cha 1 Atlanta, 5 kwa 10, ERA 4.13, kipindi cha 2 Detroit, 9 kwa 0, ERA 1.53. Mtu yuleyule, mwaka uleule, mistari miwili inayofuatana. Ukitumia jumla ya msimu unapata mrushaji wa wastani ambaye hajawahi kuwepo mahali popote.

Kwa mchezo mmoja mmoja hakuna kitu kinachoishinda Retrosheet, tovuti ya kumbukumbu za besiboli. Kumbukumbu zao za michezo zinakupa mwanzishaji, yaani mrushaji anayeanza mchezo, wa kila upande kwa kila tarehe, bure. Usumbufu ni kwamba vitambulisho vyao si sawa na vya Lahman, ila jedwali la wachezaji la Lahman lina safu inayounganisha vyote viwili. Anzeni hapo kabla hamjaanza kulinganisha majina kwa mkono.

Nilipokuwa naunganisha hayo majedwali ndipo wazo likanijia. Badala ya kuuliza Alexander ana thamani gani kwa jumla, niulize kitu kimoja kinachopimika: bila yeye, Detroit wangechukua kanda, yaani kumaliza kileleni mwa Kanda ya Mashariki?

Detroit walimaliza 98 kwa 64, Toronto 96 kwa 66. Michezo miwili tu. Na Detroit walishinda michezo yote 11 aliyoanzisha Alexander, hata ile miwili ambayo ushindi haukuandikwa jina lake. Ukiiondoa hiyo, wanabaki 87 kwa 64, yaani asilimia 57.6. Kwa hiyo nikamweka mrushaji wa kufikirika mahali pake, nikampa timu asilimia hiyohiyo ya kushinda kila mchezo. Huu ni ukarimu, kwa kuwa mtu ambaye kweli wangempata mwezi Agosti angekuwa chini ya hapo.

Hapa ndipo palipokuwa na ugumu wenyewe. Michezo 11 hiyo haina uzito sawa. Miwili ya mwisho ilikuwa dhidi ya Toronto wenyewe. Tarehe 27 Septemba, kule Toronto, Alexander alirusha iningi 10 na theluthi mbili. Mtu wa miaka 37 kwa wakati huo. Detroit walikuwa wameshapoteza mitatu mfululizo kwenye uwanja huo. Kirk Gibson wa Detroit akasawazisha kwenye iningi ya tisa, wakaja kushinda 3 kwa 2 kwenye ya 13. Halafu tarehe 2 Oktoba, Detroit, Alexander tena, 4 kwa 3. Kila mmoja kati ya hiyo ukiugeuza, Detroit anashuka mmoja na Toronto anapanda mmoja, na pengo la miwili linaisha palepale. Modeli inayohesabu michezo 11 kama mayai ya trei moja inakosa jambo hilo lote, na modeli yangu ya zamani ilikuwa hivyo.

Nikaigawa: tisa ya kawaida, miwili yenye uzito maradufu. Ili Detroit wachukue kanda moja kwa moja, inabidi washinde yote miwili ya Toronto na wasipoteze zaidi ya mmoja kati ya ile tisa. Wakipoteza miwili kati ya tisa, au mmoja wa Toronto pekee, wanafungana na inabidi uchezwe mchezo wa kuamua, ambao nimeuhesabu nusu kwa nusu. Mistari michache ya Python, hata kalamu na karatasi inatosha.

Jibu: takriban 4 katika 100.

Nikadhani nimeipendelea Detroit, nikabadilisha asilimia. Mrushaji wa nusu kwa nusu: 1.4 katika 100. Nikampa wa kufikirika asilimia 65, ambaye ni mrushaji mzuri sana na asingepatikana mwezi ule: takriban 10. Sukuma unavyotaka, haifiki popote karibu na nusu. Hii ndiyo tofauti na ile habari ya riba. Kisanduku kile kilikuwa kinageuza hukumu, hiki hakigeuzi. Nimefurahi sana kuliona hilo kwenye skrini.

Hukumu yangu basi, na naisimamia: Detroit walinunua kanda ya 1987, na waliinunua kwa mrushaji wa 78 kwa 75. Hayo si maafa. Najua pingamizi. Minnesota Twins, timu ya 85 kwa 77, waliwatoa 4 kwa 1 kwenye fainali ya ligi, Alexander akapoteza mchezo wa kwanza na wa tano. Na Detroit hawakurudi kwenye mtoano mpaka 2006. Ni uchungu wa kweli kwa mtu wa Michigan, hasa ukikumbuka kwamba mwaka 1991 Smoltz alikuwa kwenye mchezo wa saba wa World Series, fainali kuu ya besiboli, akirushiana sifuri na Jack Morris, shujaa wa Detroit aliyekuwa amehamia Minnesota. Ila misimu ile 18 mitupu haikusababishwa na mrushaji mmoja. Vilevile hakuna anayejua kama kijana wa ERA 5.68 kule Glens Falls angekuwa yule yule mikononi mwa Detroit. Atlanta walimlea, walimvumilia 1988 alipopigwa 2 kwa 7, na malezi hayo ni mali yao.

Hoja hiyo ya malezi ndiyo iliyonipeleka kidogo kwa Montreal Expos wa 2002, waliotoa Cliff Lee, Grady Sizemore na Brandon Phillips ili kumpata mrushaji Bartolo Colón kutoka Cleveland. Nilitaka kukipima kisa hicho kwa njia hii, nikakuta hakihitaji. Colón alirusha vizuri, 10 kwa 4, lakini Montreal walimaliza 83 kwa 79, mbali kabisa nyuma ya Atlanta. Hakuna kombe la kuliondoa. Upande wa Cleveland nako, Phillips walimshindwa wakamtoa kwa Cincinnati mwaka 2006, na huko ndiko alikong'ara. Nimempa Cleveland Lee na Sizemore, Phillips nimempa Cincinnati. Klabu ya Montreal yenyewe wakati ule ilikuwa inamilikiwa na ligi na kutishiwa kufutwa. Chipukizi wa miaka minne ijayo ana maana gani kwa klabu ambayo huenda isiwepo mwakani? Nitakirudia siku nyingine, kinastahili ukurasa wake.

Ninachokifanya sasa ni mrushaji Larry Andersen. Boston Red Sox walimchukua kutoka Houston tarehe 30 Agosti 1990 kwa mpigaji Jeff Bagwell, naye mtoto wa nyumbani, kazaliwa Boston. Andersen alirusha iningi 22, ERA 1.23, akaondoka msimu ulipoisha. Bagwell akapiga mipira 449 iliyovuka uzio na kuwa mchezaji bora wa National League 1994. Na angalieni pengo: Boston 88 kwa 74, Toronto 86 kwa 76. Michezo miwili tena, na walioachwa ni Toronto tena. Nilipoiona hiyo nikaacha kila kitu kingine.

Shida ni kwamba Andersen hakuanzisha mchezo hata mmoja. Aliingia katikati, mara 15, wakati mwingine timu ikiwa inaongoza, wakati mwingine iko nyuma. Kumtoa na kumweka wa kufikirika kunataka kujua hali ya kila mchezo dakika aliyoingia: iningi ya ngapi, nani anaongoza, nani yuko kwenye besi. Retrosheet wana matukio ya kila mrusho wa msimu huo na nimeshayapakua, ila jedwali la uwezekano wa kushinda kwa kila hali inabidi nilijenge mwenyewe kutoka misimu ya jirani. Nimeanza na 1988 hadi 1992, American League peke yake, maana kule National League warushaji walikuwa bado wanashika gongo na matokeo yake ni tofauti. Kama kuna mwenzetu aliyekwishalijenga la miaka hiyo, naomba anitumie nilinganishe na langu kabla sijamgusa Andersen.