Hesabu zilivyoacha kunitoa jasho

Nilipoamua kufanya tena mtihani wa hisabati ukubwani, nilichokuwa nakihofia si aljebra yenyewe. Ni ile hali ya mwili: nikiona tu swali, jasho linanitoka, macho yanasoma mstari uleule mara tatu, na hata saba mara nane inayeyuka kichwani. Walionizunguka walishanipa cheo zamani: "Wewe kichwa chako cha lugha, hesabu waachie wenyewe." Nilikipokea kwa mikono miwili, maana kilinipa ruhusa ya kutojaribu.

Kilichonifungua macho ni kuelewa hofu inafanya kazi gani. Unapokokotoa, akili hushikilia vitu vichache kwa wakati mmoja: namba uliyobeba, alama ya kutoa, hatua inayofuata. Nafasi hiyo ni finyu kwa kila binadamu. Sasa "nitafeli" na "watanicheka" nazo zinaingia humohumo na kukalia viti. Ndiyo maana swali lililokugomea kwenye mtihani unalimaliza jioni ukiwa peke yako. Ingekuwa hujui, jioni hiyo ujuzi ungetoka wapi?

Basi nikaanza kwa kuondoa saa mezani. Tangu utotoni nilijua hodari ni yule anayenyoosha mkono kwanza, na imani hii naiona mbaya kuliko zote. Laurent Schwartz, Mfaransa aliyepewa Nishani ya Fields, tuzo kubwa ya hisabati, mwaka 1950, alisimulia kwamba shuleni alijiona mzito kuliko wenzake, hadi alipotambua kuwa wepesi na kuelewa ni mambo mawili. Andrew Wiles, mwanahisabati Mwingereza, naye alikaa miaka kama saba na swali moja lililoachwa na Fermat, mwanahisabati wa karne ya 17. Alipotangaza jibu mwaka 1993 likakutwa na pengo, akaliziba mwaka uliofuata. Na mimi nilikuwa najihukumu kwa dakika tano!

Kisha nikarudi nyuma, kwenye hesabu za sehemu kama nusu na theluthi, na kitabu cha watoto wa darasa la tano. Aibu ilikuwepo, lakini kitabu hakimwambii mtu. Huko nilijifunza kuliuliza jibu maswali kabla ya kuliamini. Chukua 1/2 + 1/3. Wengi hujumlisha juu kwa juu, chini kwa chini, wanapata 2/5. Subiri kidogo: 2/5 ni ndogo kuliko nusu. Umeanza na nusu, umeongeza kitu, ukapungukiwa? Nilichora mstatili, nikaukata vipande sita sawa. Nusu ni vipande vitatu, theluthi ni viwili, jumla vitano kati ya sita. 5/6. Kanuni ya kutafuta asili moja, yaani namba ya chini inayofanana, niliikariri tangu zamani, ila siku hiyo ndiyo niliona inatafuta nini. Tangu hapo sikokotoi kitu kabla ya kukisia jibu litaangukia wapi, na ukisiaji huo umenituliza kuliko maneno yote ya kunitia moyo.

Wale wanaosema kila mtu akitaka atakuwa bingwa wa hisabati sikubaliani nao. Watu tunatofautiana, na wapo ambao namba zinawasumbua kwa sababu zisizohusiana na hofu, wanaohitaji msaada wa mtaalamu. Lakini kati ya ubingwa na kushindwa kabisa kuna uwanja mpana, na wengi wetu tumo humo.

Siku ya mtihani niliwahi, nikaketi nje na karatasi, nikaandika kila ninachokiogopa, bila kupamba. Mbinu hii ilijaribiwa na Gerardo Ramirez na Sian Beilock katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011: wanafunzi walioandika wasiwasi wao kwa dakika kumi kabla ya mtihani walifanya vizuri zaidi, hasa wale wenye hofu kubwa. Karatasi nikaichana, nikaingia, nikaanza na swali jepesi nililoliona ukurasa wa tatu.

Nilifaulu, si kwa alama za kutisha. Maswali ya trigonometria niliyaacha wazi. Hayo sikuyaogopa, sikuyasomea tu.