Tumeshajaa

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii neno moja limenikosesha amani hata kwenye maombi: "Tumeshajaa." Mwalimu ametoa asaimenti ya kikundi, watu watano watano. Dada mmoja wa mwaka wa kwanza, mwenyeji wa Newala, akazunguka darasa zima na karatasi yake mkononi, na kila alipofika akajibiwa hivyo. Kundi la mwisho walikuwa wanne tu. Alipogeuka, wakaigiza lafudhi yake ya Kimakonde, wakacheka. Wanne hao tunasali nao. Mnajijua, na asaimenti haijakusanywa. Mfuateni.

Sikatai watu kujuana. Mtu akishuka stendi ya Mtwara akitokea Mwanza au Mbeya, atatafuta kwanza wa kwao, na si dhambi. Dhambi ni pale urafiki wenu haunogi mpaka apatikane wa kudharauliwa.

Someni Galatia 2. Kefa, yaani Petro, alikuwa akila na watu wa Mataifa, wasio Wayahudi, kule Antiokia, vizuri kabisa. Walipofika Wayahudi wenzake waliotoka kwa Yakobo, akaanza kujitenga. Kwa nini? Aliogopa! Hakuwachukia aliokuwa akila nao, aliogopa wenzake watamwonaje. Hata Barnaba, mtu mwema vile, akachukuliwa. Ndivyo tulivyo kantini. Wengi wenu hamna chuki na mtu wa Newala wala Tandahimba; hosteli mnaazimana pasi na ndoo. Lakini kundi lako likitokea, unabeba sahani, unahama meza, unamwacha peke yake kama hamjuani. Ndugu yangu, unamwogopa nani? Kristo alikufia wewe na yeye. Paulo hakulinyamazia jambo hili. Alimkabili Kefa uso kwa uso mbele ya wote, kwa kuwa pale mezani injili yenyewe ilikuwa inapindishwa.

Na ninyi mnaosema "watu wa huku" kwa kubetua midomo, Nathanaeli naye aliuliza, "Laweza neno jema kutoka Nazareti?" Filipo akamwambia, njoo uone. Ninyi mmeshakuja. Dada huyu ada yake inasubiri korosho za wazazi zipite mnadani, na bado anawahi kipindi kuliko wengi wetu. Hilo hamlioni?

Viongozi, tuanze sisi. Jumapili tukishatoka ibadani tunakula pamoja kama kawaida, ila safari hii kila mmoja akae na mtu ambaye hajawahi kula naye. Nitapita meza kwa meza.