Ukaazi wa Uingereza Hautoshi Kubadilisha Ndege Brussels

Miongoni mwa Wakongo wanaoishi Uingereza imeenea dhana kwamba mtu mwenye kibali cha ukaazi wa kudumu anaweza kubadilisha ndege Brussels au Paris bila kuulizwa lolote, mradi asitoke nje ya uwanja. Dhana hiyo si sahihi, na anayeitegemea huzuiwa mapema kuliko anavyotarajia: kwenye kaunta ya shirika la ndege, kabla hata mizigo yake haijapokelewa.

Kanuni ya Viza ya Umoja wa Ulaya, namba 810 ya mwaka 2009, imeorodhesha nchi 12 ambazo raia wake hutakiwa kuwa na viza ya kupitia uwanja wa ndege hata wakibaki katika eneo la kimataifa wakisubiri ndege nyingine. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo imo, pamoja na Somalia, Ethiopia na Eritrea. Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi hazimo katika orodha hiyo ya pamoja, ingawa kila nchi ya Schengen, yaani eneo la nchi za Ulaya zisizokagua pasipoti kwenye mipaka kati yao, inaruhusiwa kuongeza nyingine kwa upande wake.

Kinachotazamwa kwanza, basi, ni pasipoti. Ukaazi humsaidia msafiri pale tu ambapo kanuni yenyewe imeutaja: vibali vya nchi za Umoja wa Ulaya na za Schengen, na vibali maalumu vya Marekani, Kanada, Japani na nchi ndogo za Ulaya za Andorra na San Marino vinavyompa mwenye navyo haki ya kurejea bila masharti. Kwa hiyo Mkongo mwenye kadi ya kijani, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu cha Marekani, hupita, ilhali ndugu yake mwenye ukaazi wa kudumu wa Uingereza, nchi iliyojitoa katika Umoja wa Ulaya mwaka 2020, hulazimika kuomba viza. Vibali vya Oman na nchi nyingine za Ghuba navyo havitambuliwi. Binafsi sioni mantiki ya kuiheshimu karatasi ya San Marino, ambayo haina hata uwanja wa ndege wa kimataifa, na kuipuuza ya London. Lakini mhudumu wa kaunta hana mamlaka ya kujadili mantiki, kwa sababu shirika linalombeba abiria asiye na hati kamili hutozwa faini na kutakiwa kumrudisha kwa gharama zake.

Viza yenyewe, aina A, hugharimu euro 90 tangu Juni 2024, nayo haimruhusu mtu kuvuka dawati la uhamiaji. Hapo ndipo hata Mkenya au Mtanzania, ambaye orodha ya pamoja haimtaki kuwa nayo, hunaswa: tiketi inayomshusha Lisbon kisha Brussels humwingiza Schengen, kwa kuwa safari kati ya viwanja hivyo viwili huhesabiwa kuwa ya ndani, na hivyo hudai viza ya aina C, yaani ya kuingia kwa muda mfupi, ambayo kadi ya kijani haiwezi kushika nafasi yake. Hali huwa ileile kwa aliyenunua tiketi mbili tofauti na ambaye lazima atoke kuchukua mizigo na kuisajili upya.

Kwa anayekwenda Lubumbashi au Kinshasa, mimi hupendekeza kupitia Addis Ababa, ambako abiria anayeunganisha ndege bila kutoka uwanjani hahitaji viza, hata kama nauli imezidi kidogo ile ya Brussels.