Siku Moja Kati ya Mawe Meupe ya Taveta

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla wingu halijaufunika Kilimanjaro, huwa nimekwisha kufungua lango la makaburi ya kijeshi ya Taveta. Hapa mjini wengi huniita mlinzi wa maiti za Wazungu, na wapo wanaodhani kwamba nalipwa kuketi kivulini. Hadi saa tatu nafyeka nyasi na kung'oa magugu, kazi isiyo na hadithi.

Saa tatu nashika brashi. Jiwe huoshwa kwa maji matupu na brashi laini, kwa kuwa dawa kali hula herufi, na herufi ndizo tunazozilinda. Kila jiwe lina urefu wa sentimita 81, liwe la afisa au la askari wa kawaida. Ndivyo ilivyoamua tume ya makaburi ya vita iliyoundwa na Waingereza mwaka 1917. Leo zamu ilikuwa ya Waafrika Kusini, ambao mawe yao yana kichwa cha swala juu ya jina, na baadhi yao waliuawa katika Vita vya Kwanza vya Dunia, tarehe 12 Februari 1916, walipokishambulia kilima cha Salaita. Ndani ya herufi O ya jina moja nyigu alikuwa amejenga kiota cha udongo, nami nikakitoa kwa kijiti, punje baada ya punje, karibu robo saa nzima.

Saa tano akaja mzee mmoja kutoka milima ya Taita, na hapo siku ikaniponyoka. Babu yake alichukuliwa Kariakoo, yaani kikosi cha wabeba mizigo wa jeshi la Waingereza katika vita hivyo, wala hakurudi. Mzee alitaka kuliona jiwe lake. Nilimfungulia daftari la majina, tukalikosa jina hilo. Akasema daftari huandikwa na watu na watu hukosea, kwa hiyo tupite jiwe kwa jiwe. Jua lilikuwa utosini, nilikuwa na njaa, na nilikuwa nimeuacha mpira wa maji ukitiririka, lakini yeye alisoma kila jina kwa sauti huku akilifuata kwa kidole. Alipofika kwenye jiwe lisilo na jina, alisimama.

"Na huyu, mwanangu? Kwa nini asiwe yeye?"

Nikamweleza kwamba huyo naye alikuwa askari, kwamba wabeba mizigo hawakuwekewa mawe. Akanikumbusha ukumbusho wa Nairobi ulio kando ya barabara ya Kenyatta, unaowaita wabeba mizigo miguu na mikono ya jeshi. Nikamjibu kwamba hata pale hakuna jina la mtu. Mwaka 2021 tume yenyewe ilikiri kwamba waliokufa bila kukumbukwa kwa majina huenda wakafikia 350,000, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri. Mzee alisikiliza hadi mwisho, kisha akaendelea na safu iliyofuata, nami nikamfuata kwa hasira ambayo sikujua ni ya kumwelekezea nani.

Sikumbuki ilikuwa saa ngapi tulipomaliza. Bustani ilikuwa imefurika, na nusu ya safu yangu ilibaki bila kuoshwa. Mzee alisema atarudi Jumamosi na kaka yake, anayelijua jina jingine la babu yao. Nilimwambia aje mapema, kabla ya jua.