Bradford, Kutafuta Mishono ya Cinerama

Treni ya kutoka Manchester Victoria kwenda Bradford, kaskazini mwa Uingereza, haina haraka. Inapita Hebden Bridge, inapita Halifax, inazama kwenye mahandaki na kuibuka, na abiria wote wameinamia simu zao. Mimi nilikuwa nakwenda kutazama skrini ambayo jicho haliimalizi mpaka shingo isaidie.

Kutoka kituo cha Bradford Interchange hadi kwenye makumbusho ya taifa ya sayansi na vyombo vya habari ni mwendo mfupi kwa miguu, hata kwenye manyunyu. Humo ndimo ulimo ukumbi wa Pictureville, mmoja wa kumbi chache mno duniani zinazoweza bado kuonyesha Cinerama, mfumo wa zamani wa sinema wa skrini pana iliyopinda, kama ilivyobuniwa: projekta tatu zikienda sambamba.

Jirani yangu kitini alikuwa mzee wa Kiingereza aliyeiona Cinerama akiwa kijana, London, kwenye ukumbi wa Casino ulioanza kuionyesha mwaka 1954. Aliponiona nataka kukaa nyuma alinivuta mbele, katikati kabisa. Huko nyuma, alisema, utaona picha tu.

Filamu ilikuwa ile ile ya uzinduzi, *This Is Cinerama*, iliyofungua New York tarehe 30 Septemba 1952. Inaanza kwa ujanja: mtangazaji Lowell Thomas anazungumza kwenye kipicha kidogo cha rangi nyeusi na nyeupe, anazungumza, anazungumza, hadi unaanza kupiga miayo. Kisha mapazia yanafunguka, yanaendelea kufunguka, na ghafla umekaa mbele kabisa kwenye kigari cha reli za mchezo huko Rockaways, New York, kinapanda taratibu halafu kinaporomoka. Nilishika mkono wa kiti. Mzee alicheka.

Aliyebuni haya yote ni Fred Waller, Mmarekani ambaye kabla ya hapo alikuwa amesajili hataza ya ubao wa kutelezea majini. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alitengeneza mtambo wa projekta tano wa kuwafundishia askari kulenga ndege. Alijua kwamba mwili hudanganyika kupitia pembeni ya jicho, ndiyo maana picha yake inazunguka nyuzi 146. Projekta ya kushoto inamulika upande wa kulia wa skrini, ya kulia inamulika kushoto, ya kati inakwenda moja kwa moja. Picha ni fremu 26 kwa sekunde, na sauti ina mkanda wake peke yake wenye njia saba. Skrini za asili zilikuwa vipande vyembamba vya wima zaidi ya elfu moja, vimepangwa kama luva za dirisha, ili mwanga wa upande mmoja usidunde na kufifisha upande wa pili.

Lakini nilichokifuata ni mishono, pale picha mbili zinapokutana. Inaonekana. Anga la kushoto lina buluu yake, la kati lina yake, na mstari wa upeo unatikisika kidogo. Ndani ya projekta waliweka vibao vyenye meno kama msumeno vinavyochezacheza kuficha mpaka huo, na bado unauona. Mimi sikuuchukia hata kidogo. Kilichoiua Cinerama, kwa maoni yangu, si mishono bali gharama za watu na mitambo. Mkanda mmoja ukikatika, fremu zilizoharibika lazima zijazwe kwa fremu nyeusi, la sivyo mikanda mitatu inapishana. Thomas mwenyewe alirekodiwa akizungumza na watazamaji, kipande cha akiba cha kuwashika wakati mafundi wanahangaika!

CinemaScope ilikuja mwaka 1953 na lenzi inayobana picha pana kwenye mkanda mmoja, na wenye kumbi wengi wakaona hiyo inawatosha. Hadithi za kuigizwa za projekta tatu zilitoka mwaka 1962, kisha mfumo ukaachwa.

Jengo hilo hilo lina IMAX, sinema ya skrini kubwa mno, ya kwanza Uingereza, iliyofunguliwa mwaka 1983: wakati huo ilikuwa projekta moja, mkanda wa milimita 70 uliopita kwa ubavu. Mzee alikataa katakata kuingia. Mimi nikakata tiketi.