Kupima Algoriti kwa Maswali Magumu Kweli
Hapa Dodoma, ninapowasaidia wanafunzi wa kompyuta kupima algoriti za akili unde, jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni uteuzi wa maswali ya majaribio. Lichukue tatizo la kutosheleza masharti ya kimantiki, yaani kutafuta kama kila kigeu kinaweza kupewa thamani ya kweli au si kweli ili masharti yote yatimie, ambalo mwanasayansi wa kompyuta Stephen Cook alithibitisha ugumu wake mwaka 1971: masharti ya vigeu vitatu vitatu yakitungwa kwa nasibu, maswali magumu zaidi hujikusanya pale idadi ya masharti inapokaribia mara 4.26 ya idadi ya vigeu. Chini ya hapo karibu kila swali lina jibu, na juu yake karibu yote hayana, kwa hiyo algoriti dhaifu huweza kuonekana hodari kwa sababu tu haikupelekwa kwenye eneo hilo la mpito.

Wastani wa muda nao hupotosha, kwani maswali machache huweza kuchukua muda mrefu kupita kiasi. Afadhali mtafiti aoneshe mtawanyiko mzima wa muda huo, swali kwa swali.

Ukubwa wa swali nao usidanganye: gari la dawa linalozunguka vituo 10 kati ya Chamwino na Kondoa lina mizunguko 181,440 ya kuchagua, mwelekeo usipohesabiwa, lakini kwa kompyuta ya leo hicho ni kipimo chepesi mno, nami siwezi kukikubali kama ushahidi pekee wa tasnifu.