Nilivyopanga safari ya Magharibi mwezi wa nane na mvua ikiwa palepale

Ukisoma mambo ya kutembea Kenya karibu kila mahali utaambiwa epuka masika, yaani mwezi wa tatu hadi wa tano, epuka na vuli kuanzia wa kumi, halafu wa sita mpaka wa tisa ni kiangazi jiachie. Ukienda Tsavo ama Mara hiyo iko sawa kabisa. Lakini huku kwetu Magharibi kalenda ni ingine. Mimi naishi Kisumu na shangazi yangu analima Kitale, mahindi anapanda mvua ikianza mwezi wa tatu wa nne na havuni mpaka wa kumi huko, sasa katikati hapo hayo mahindi yananyweshwa na nini kama si mvua? Mwezi wa nane Kitale na Kakamega kunanyesha vizuri sana, na Nakuru nayo hupata yake.

Sasa dadangu ameolewa Mombasa, na shemeji akanipigia: "Shem, shule zikifunga nakuja na watoto wote, tutembezeni huko kwenu, si mwezi wa nane ni kukavu?" Nikamwambia shem njooni, nyinyi leteni sweta tu, plani niachie mimi. Maana ukiwa na watoto wa shule huna uhuru wa kuchagua mwezi, likizo ya mwezi wa nne ndiyo masika yenyewe, ya Disemba kila mtu anaenda kwao, imebaki ya nane. Kwa hivyo mwezi siwezi kubadilisha, lakini saa naweza, na upande wa kwenda pia naweza.

Hiyo ya saa ndiyo siri kubwa ya huku. Mchana nchi kavu inashika joto haraka kuliko Ziwa Victoria, upepo unatoka ziwani unapanda mpaka kwa milima ya Nandi na Kericho, mawingu yanajazana, ikifika saa tisa saa kumi hivi inamwagika. Usiku inageuka, mvua inaenda kunyesha kule ndani ziwani na saa zingine bado inanguruma huko alfajiri. Mtu wa Kisumu anajua hii bila kufundishwa, angalia tu wamama wanaanua nguo saa ngapi. Kwa hivyo kila kitu cha nje nikaweka asubuhi, na jioni nikaiacha tupu kabisa: samaki, chai, kulala.

Walitoka Mombasa na treni mpaka Nairobi wakaja Nakuru, wakalala, geti la mbuga wakaingia asubuhi na mapema. Nilikuwa nimeshamwambia dadangu asiwaahidi watoto flamingo, juu maji ya Ziwa Nakuru yamepanda sana miaka hii, chumvi ikapungua, mwani wanaokula ukapungua, wengi wakahamia Bogoria. Nikamwambia waahidi vifaru na twiga, na waliona wote. Kutoka Nakuru nikawaambia Mau Summit na Kericho wapite kabla ya saa nane, ile barabara ina ukungu na Kericho kunanyesha mchana karibu mwaka mzima, mpaka mvua ya mawe, chai haikupendezwa na hapo bure. Wakapiga picha kwa majani jua likiwaka, wakashuka Ahero, na kufika Kisumu ndiyo matone ya kwanza yanaanguka.

Boti pale Dunga, ufuo wa hapa Kisumu, niliongea na mwenye boti nikiwa nataka saa kumi na mbili, akakataa. Akaangalia upande wa Homa Bay, akasema tungoje saa tatu, hayo mawingu ni ya jana usiku yanamalizika. Tulingoja tukila mandazi, na kweli saa tatu ziwa lilikuwa limelala kama mkeka, viboko tukawaona vichwa tu vinatoka. Upepo wa kuinua mawimbi unakuja mchana, kwa hivyo kabla ya saa sita mko nchi kavu.

Msitu wa Kakamega ndio niliuogopea juu njia zinateleza. Nikanunulia watoto gambuti sokoni, hata dadangu, na tukaingia mapema na mtu wa kutuongoza. Aisee mvua ya usiku ndiyo inafanya asubuhi iwe tamu pale. Mbega wanapanda juu kabisa kwa matawi kuota jua, mikia myeupe inaning'inia, wametulia tu hawana haraka, na watoto wa Mombasa waliozoea kima wa kuiba ndizi walinyamaza wenyewe.

Mlima Elgon nilitoa kwa plani. Nataka sana waone pango la Kitum pale ndovu wanaingia usiku kukwangua chumvi ukutani, lakini barabara za ndani zikiloa ni tope, gari inakaa. Badala yake nikawapeleka kusini, Luanda Kotieno tukapanda feri mpaka Mbita, maana ule upande wa ziwa mwezi wa nane ni mkavu kuliko Kakamega kwa mbali. Tukaona kaburi la Tom Mboya kule Rusinga, na kesho yake mbuga ya Ruma, pale peke yake Kenya nzima ndipo swala aitwaye korongo amebaki. Bonde la Lambwe lina udongo mweusi unaoshika matairi vibaya, tena nzuri hakukuwa kumenyesha, tukazunguka mpaka saa sita.

Elgon tumeiweka likizo ya Disemba kukikauka. Nimemwambia shemeji waje kabla ya Krismasi, wapande mlima kwanza, tarehe 26 tuwe Mbale ya Vihiga, si ile ya Uganda, kwa sherehe ya Wamaragoli, na gari la kutoka Nairobi wabuki mapema, juu wiki hiyo watu wote wanarudi nyumbani na nauli haishikiki.